Ruzuku ya ulemavu: Maelezo ya maisha ya kila siku ndiyo nguzo ya ombi

Shilingi 2,000 kwa mwezi si fedha nyingi. Hata hivyo, kwa familia inayomtunza mtu asiyeweza kula, kuoga wala kujigeuza kitandani bila msaada, fedha hizo ni unga, sabuni, nepi na nauli ya kwenda kliniki. Ndiyo maana swali la nani anayekubaliwa katika mpango wa kitaifa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa, na nani anayeachwa nje, ni zito kwa familia nyingi nchini.

Mpango huo, ulioanzishwa mwaka 2011, ni mojawapo ya nguzo tatu za Inua Jamii, pamoja na ruzuku ya wazee na ile ya mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Kwa jumla, Inua Jamii huwafikia zaidi ya watu milioni moja. Lakini sehemu ya watu wenye ulemavu mkubwa ndiyo ndogo zaidi kati ya hizo tatu, na ndiyo inayomtaka mwombaji kuthibitisha mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja: kwamba ulemavu wake ni mkubwa, na kwamba familia yake ni maskini.

Hapo ndipo ombi linaweza kukwama ilhali ulemavu wa mwombaji hauna shaka. Faili hueleza jina la ugonjwa bila kueleza jinsi mtu anavyoishi nao, au hueleza ulemavu bila kueleza hali ya nyumba. Afisa anayelisoma hawezi kuidhinisha asichokiona katika karatasi.

Msingi wa kisheria

Haki yenyewe imo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali itoe hifadhi ya jamii inayofaa kwa watu wasioweza kujikimu pamoja na wategemezi wao, nacho Kifungu cha 54 kinamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima na utu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Usaidizi wa Jamii ilipitishwa mwaka 2013. Mwezi Mei mwaka 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Kwa mwombaji, hata hivyo, kifungu chenye manufaa zaidi ni kile ambacho hutajwa mara chache, yaani Kifungu cha 260, kinachofasiri maneno yaliyotumika katika Katiba. Kifungu hicho hakikomei kutaja upungufu wa mwili, wa hisi au wa akili. Kinaongeza kwamba upungufu huo, au ugonjwa, uwe na athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu kutekeleza shughuli za kawaida za kila siku. Kwa maneno mengine, Katiba inatazama maisha ya mtu kwanza, kisha jina la ugonjwa wake.

Umuhimu wa tofauti hiyo huonekana kwa urahisi. Watu wawili wanaweza kupatwa na kiharusi katika wiki moja na kuandikiwa maneno yaleyale katika vyeti vyao vya hospitali. Baada ya mwaka mmoja, wa kwanza anatembea kwa mkongojo, anajivalisha na anauza mboga sokoni. Wa pili analishwa kwa kijiko, anabebwa kwenda msalani na hawezi kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Cheti kinachosema “kiharusi” pekee hakiwezi kumtofautisha wa pili na wa kwanza, ilhali mpango wa ruzuku uliwekwa kwa ajili ya mtu wa aina ya pili, anayehitaji mtu wa kumhudumia usiku na mchana.

Nafasi chache, mahitaji mengi

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, takriban watu 900,000, wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Kiwango hicho kilikuwa juu zaidi mashambani, asilimia 2.6, kuliko mijini, ambako kilikuwa asilimia 1.4. Aidha, kilikuwa asilimia 2.5 miongoni mwa wanawake na asilimia 1.9 miongoni mwa wanaume.

Si wote hao wenye ulemavu mkubwa, na si wote wenye ulemavu mkubwa wanaotoka katika familia maskini. Hata hivyo, katika miaka ya kabla na baada ya sensa hiyo, ruzuku ya ulemavu mkubwa ilikuwa ikizifikia kaya takriban 47,000 pekee. Idadi ya wanaopokea hutegemea fedha zinazotengwa katika bajeti. Kwa hiyo mtu anaweza kutimiza masharti yote na bado akawekwa katika orodha ya kusubiri nafasi.

Ukweli huo usiwavunje moyo waombaji. Palipo na nafasi chache, uteuzi huelekezwa kwa walio na uhitaji mkubwa zaidi, na uhitaji hupimwa kwa taarifa zilizo katika faili. Familia iliyotoa taarifa kamili hushindana na nyingine kwa haki. Iliyotoa taarifa nusu hushindwa kabla ya kupimwa.

Mlango wa kwanza: Kupimwa ulemavu

Hatua ya kwanza ni kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, linalofahamika kwa kifupi kama NCPWD. Ili kusajiliwa, mtu hupimwa na wataalamu wa afya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kisha matokeo hupelekwa kwa Baraza, ambalo hutoa kadi. Maombi ya usajili hupokewa pia kupitia mtandao wa eCitizen, na asiye na simu ya intaneti anaweza kuomba msaada katika Huduma Centre au katika ofisi ya Baraza iliyo katika kaunti yake.

Ni katika chumba cha kupimwa ambapo desturi njema huweza kumponza mwombaji. Mtu aliyelelewa vyema huulizwa “Hujambo?” naye hujibu “Sijambo,” hata kama hakulala usiku kucha kwa maumivu. Neno lenyewe lina maana kwamba hana jambo linalomsumbua. Pwani ataongeza “Alhamdulillahi”, bara atasema “Tunamshukuru Mungu.” Daktari akimuuliza iwapo anaweza kuvaa nguo mwenyewe, atajibu kwamba anaweza, kwa kuwa kukiri kuvalishwa na binti yake mbele ya wageni ni aibu. Mama naye, akitaka mwanawe aheshimiwe, humwogesha, humvalisha nguo za sikukuu na kumtuliza hadi zamu yake ifike. Mtaalamu huandika anachosikia na anachokiona.

Uungwana huo una mahali pake, lakini mahali hapo si katika kipimo cha ulemavu. Salamu zijibiwe kama kawaida. Mahojiano yakianza, kila swali lijibiwe kwa ukweli wote, hata ule unaotia haya. Mzee ambaye hawezi kusema mbele ya mwanawe kwamba hujikojolea ana haki ya kuomba azungumze na daktari faraghani.

Namna ya kujiandaa ni kutumia maswali sita ambayo sensa ya mwaka 2019 iliyatumia kutambua ulemavu. Maswali hayo huhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuzingatia jambo, kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, na kuwasiliana na wengine. Kila swali lina majibu manne: hakuna ugumu, kuna ugumu kiasi, kuna ugumu mwingi, au hawezi kabisa. Familia inaweza kuketi pamoja siku chache kabla ya kupimwa na kuandika jibu la kila swali, likifuatwa na mfano mmoja wa jambo lililotokea nyumbani.

Mfano ndio wenye uzito. Kusema kwamba mgonjwa “anapata shida kula” kunaacha maswali mengi. Kusema kwamba hulishwa mara tatu kwa siku, kila mlo huchukua karibu saa nzima, chakula lazima kisagwe, na mara mbili mwezi uliopita alipaliwa hadi akapelekwa zahanati, kunampa mtaalamu jambo la kuandika.

Maandalizi hayo ni ya lazima zaidi kwa ulemavu usioonekana kwa macho. Mwenye kifafa anaweza kufika hospitalini akiwa mzima kabisa. Hakuna anayejua kwamba huanguka mara tatu kwa wiki na kwamba ana makovu ya moto wa jikoni. Mwenye maradhi ya akili anaweza kuzungumza vizuri kwa dakika kumi asubuhi ile, na jioni akapotea njia ya kurudi kwake. Kwa watu hao, daftari lenye tarehe za matukio, lililoandikwa kwa wiki kadhaa bila kupamba, ni ushahidi ambao mazungumzo mafupi hayawezi kuutoa. Aidha, aandamane na mtu anayeishi naye na anayemhudumia, si jamaa aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya siku hiyo.

Pamoja na daftari hilo, ni vyema kubeba kila karatasi ya matibabu iliyohifadhiwa: kadi za kliniki, barua za rufaa, picha za eksirei, maagizo ya dawa na vyeti vya kutoka wodini. Karatasi za miaka mitatu zinaonyesha hali ya kudumu. Karatasi moja ya wiki iliyopita inaonyesha ugonjwa wa wiki iliyopita.

Mlango wa pili: Hali ya nyumba

Kupata kadi ya Baraza si kupata ruzuku. Huenda jambo hili ndilo linalowachanganya wananchi kuliko mengine yote. Kadi huthibitisha ulemavu na hufungua milango kadhaa, ikiwemo misaada ya vifaa vya kujisaidia na, kwa wenye ajira, fursa ya kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Ruzuku ya Inua Jamii iko chini ya Idara ya Serikali ya Ulinzi wa Jamii, na uamuzi wake ni wa pili, unaotazama kaya nzima. Mtu anayehifadhi kadi sandukuni akingojea fedha zije zenyewe anaweza kungoja miaka mingi bila jina lake kuwa katika orodha yoyote.

Safari ya uamuzi huo wa pili huanzia karibu na nyumbani, kwa chifu, naibu wa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Zoezi la usajili linapotangazwa, kaya huhojiwa kuhusu mapato, mali, makazi na watu wanaoishi humo. Hutazamwa iwapo kaya tayari inapokea ruzuku nyingine ya aina hiyo au pensheni, na iwapo ni wakaazi wa kweli wa eneo hilo. Majina huweza kusomwa barazani ili majirani wathibitishe.

Uthibitisho huo wa majirani una upande wake mgumu. Mtu aliyefichwa hana jirani wa kumthibitisha. Zipo familia ambazo bado huona haya kumtoa mtoto mwenye ulemavu mbele ya watu, na hivyo jina lake likisomwa barazani hakuna anayemjua. Familia inayotaka haki ya mtoto wake haina budi kumfanya ajulikane: kwa mzee wa kijiji, kwa mhudumu wa afya ya jamii, msikitini au kanisani, na katika shule iliyo jirani.

Stakabadhi nazo huamua mengi. Kwa mtu mzima huhitajika kitambulisho cha kitaifa. Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa. Na kwa kila asiyeweza kujisimamia, kitambulisho cha mlezi atakayepokea fedha kwa niaba yake. Chukulia mfano wa mama wa Ganze, kaunti ya Kilifi, anayemlea kijana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kadi ya Baraza ina matatu, na kitambulisho cha mama bado kinatumia jina la kabla ya ndoa. Kwake hao ni watu wawili anaowajua vyema. Kwa mfumo wa kompyuta wanaweza kuonekana watu watano. Kurekebisha majina mapema huchosha, lakini huchosha kidogo kuliko kurekebisha ombi lililokwisha kukwama.

Mlezi pia ateuliwe kwa makini. Awe anaishi na mwenye ulemavu, awe anaaminika, na familia ikubaliane juu yake. Ugomvi wa ndugu kuhusu nani apokee fedha huweza kuchelewesha msaada wa mgonjwa ambaye hana usemi katika ugomvi huo.

Kutopunguza na kutozidisha

Ushauri wa kueleza kila kitu usichukuliwe kuwa ruhusa ya kutia chumvi. Anayesema kwamba hawezi kutembea kabisa, kisha akaonekana akivuka barabara peke yake, hupoteza imani ya afisa hata kwa yale aliyoyasema kwa ukweli. Lililo sahihi ni kueleza siku ya kawaida, kisha kueleza siku mbaya huwaje na huja mara ngapi. Kama mgonjwa anaweza kutembea hatua ishirini kisha akalazimika kuketi, basi hayo ndiyo yaandikwe.

Vilevile, wananchi wajihadhari na madalali. Hakuna mtu wa kando anayeweza kumnunulia mwombaji nafasi katika orodha, na fomu ya usajili haiuzwi. Anayedai ada ya kuharakisha jina aripotiwe kwa mamlaka, awe mtu wa mtaani au mtumishi wa umma.

Ombi likikataliwa au likinyamaza

Mwombaji anayeambiwa “bado” anapaswa kuuliza maana ya neno hilo, kwa kuwa linaweza kuwa na maana tatu. Huenda ombi limekataliwa, huenda limekubaliwa lakini nafasi haijapatikana, au huenda halikuwahi kuingizwa katika mfumo. Kila hali ina tiba yake, na anayengoja bila kujua yuko katika ipi hawezi kujisaidia.

Sheria iko upande wake katika kuuliza. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo uamuzi umeathiri au unaelekea kuathiri vibaya haki zake. Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua utaratibu huo. Barua fupi kwa afisa wa maendeleo ya jamii, yenye jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kusajiliwa na ombi la kuelezwa sababu, inatosha kuanza. Nakala yake ihifadhiwe, ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Jibu lisipopatikana, malalamiko yanaweza kupelekwa ngazi ya juu ya idara na hatimaye kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Sababu ikishajulikana, ombi lirudishwe likiwa na kile kilichokosekana. Kama tatizo lilikuwa kiwango cha ulemavu, inahitajika taarifa mpya ya kitabibu inayoeleza utendaji wa mwili au akili. Kama lilikuwa majina, stakabadhi zilizorekebishwa. Kama lilikuwa hali ya kaya, kuhojiwa upya. Kuwasilisha karatasi zilezile mara ya pili ni kuomba jibu lilelile mara ya pili.

Hata baada ya kukubaliwa, kazi haijaisha. Wanufaika hutakiwa mara kwa mara kuthibitisha kwamba wako hai na kwamba taarifa zao ni sahihi. Mlezi akifariki, akihama au akibadilisha nambari ya simu, ofisi ielezwe mapema, kwa sababu malipo yanaweza kusimama ilhali mahitaji ya mgonjwa hayasimami.

Wajibu wa pande zote

Itakuwa kosa kuuweka mzigo wote mabegani mwa familia. Mgonjwa wa Turkana, Marsabit au Mandera anaweza kuwa mbali sana na hospitali iliyoidhinishwa, na nauli ya mtu asiyeweza kuketi ndani ya matatu hupita ruzuku ya miezi kadhaa. Kwa watu kama hao, timu za wapimaji zinazowafuata wananchi vijijini ndizo njia ya haki, na kaunti zinazoandaa siku za upimaji nyanjani huwaondolea waombaji gharama ambayo wengi hawaiwezi. Vivyo hivyo, mtaalamu anayepima anao wajibu wa kuuliza swali la pili baada ya kusikia “Sijambo,” na afisa anao wajibu wa kumwambia mwananchi kilichopungua badala ya kumwambia arudi kesho.

Kwa upande wa familia, yaliyo ndani ya uwezo wao ni machache lakini yana uzito: kuandika jinsi siku inavyopita, kuhifadhi karatasi, kulinganisha majina, kumtoa mwenye ulemavu mafichoni, na kuuliza sababu kwa maandishi. Hayo hayahakikishi kwamba ombi litakubaliwa, maana bajeti nayo ina ukomo wake. Lakini yanahakikisha kwamba anayeamua atamwona mtu mzima na maisha yake, akiwemo yule anayeamka saa tisa za usiku kumgeuza kitandani.